Kaimu Marehemu

Nchi yetu sitaitaja. Msidhani naogopa. Kwetu hakuna anayeogopa. Woga ulipigwa marufuku kwa tangazo la redio, na tangu siku hiyo sijamwona mtu akiogopa hadharani. Sitaitaja kwa sababu anayeijua anaijua, na asiyeijua namwonea huruma, asije akauza shamba lake bure ili ahamie.

Mimi ni Mshauri wa Mahakama Kuu. Kazi yenyewe ni nzuri, tena ya heshima. Unakaa kushoto kwa jaji, unasikiliza kesi ya mauaji toka mwanzo hadi mwisho, halafu jaji anakugeukia: "Mzee, unaonaje?" Unasema unavyoona. Anakushukuru. Kisha anaamua anavyoona yeye. Wapo wambea wanaosema ushauri wetu haufuatwi. Waongo! Wangu mimi haujawahi kuachwa hata siku moja, kwa sababu kabla sijaona chochote namtazama kwanza Mheshimiwa usoni nijue yeye anaonaje. Saa nne tunaletewa chai na maandazi. Mshauri mwenzangu, Mzee Kibwana, aliwahi kuona tofauti. Siku hizi maandazi yake nayala mimi.

Hebu niwaeleze sheria yetu kidogo, maana ndiyo fahari yetu. Nchi nyingine, nasikia, mtu akiua halafu akasema alikuwa anajitetea, eti serikali ndiyo inayotakiwa kuthibitisha kwamba anadanganya. Serikali! Jamani, muwe na utu. Serikali yetu ina mapokezi, ina maandamano ya kujipongeza, ina visima vya kuzindua na vya kuzindua tena. Leo uishike shati, uiambie ithibitishe? Bunge letu lililiona hilo, likapitisha Sheria ya Kuipumzisha Serikali. Tangu hapo anayesema alijitetea athibitishe mwenyewe, na athibitishe pasipo shaka hata ya dawa.

Sasa ushahidi autoe wapi? Wataalamu wetu walikaa hotelini miezi kadhaa wakilifikiria hilo. Wakasema: palipouawa mtu walikuwepo watu wawili. Mmoja ni mshtakiwa, na mshtakiwa haaminiki, angekuwa wa kuaminika asingeshtakiwa. Anabaki nani? Anabaki marehemu. Kwa hiyo shahidi mkuu katika kila kesi ya mauaji ni marehemu mwenyewe. Karani anasimama mlangoni pa mahakama na kumwita kwa jina lake kamili mara tatu. Akiitika, anapanda kizimbani, na neno lake halipingwi na mtu yeyote, hata Rais. Asipoitika, kimya chake kinaandikwa kama ushahidi, na jaji anakitafsiri.

Kutafsiri kimya ni taaluma, wenzangu, msione watu wamevaa mawigi mkadhani ni urembo. Mheshimiwa Jaji Ruhundwa aliisomea ng'ambo.

*

Nitawapa mfano mmoja muone mnavyotawaliwa vizuri, maana najua wapo kati yenu mnaojifanya hamnielewi.

Waziri wetu wa Mifugo na Furaha alimpiga risasi mtunza bustani wake, kijana mmoja akiitwa Selubare, wakati anamwagilia maua. Risasi iliingia mgongoni. Waziri akasimama mbele yetu, kitambaa cheupe mkononi, akajieleza kwa machozi.

"Alinipa mgongo, Mheshimiwa," alisema. "Alinipa mgongo kwa namna ya kutisha."

Karani akaenda mlangoni, akaita. Selubare! Kimya. Selubare! Kimya. Selubare! Kuku wa mke wa karani akapita, basi.

Jaji Ruhundwa akafumba macho, akakisikiliza kile kimya kama mtu anayeonja mchuzi. "Marehemu amepewa nafasi ya kukanusha," akasema, "na hakukanusha. Hiki ni kimya cha mtu mwenye haya. Amekiri."

Waziri akaachiwa palepale. Mjane wa Selubare akaongozwa mbele kuomba radhi kwa niaba ya mgongo wa mumewe, akaomba, na Waziri kwa ukarimu wake akapokea. Nilipoulizwa naonaje, niliona vivyo hivyo.

*

Sasa niingie kwenye kesi ya Sikitu.

Sikitu alikuwa mshona nguo wa mtaa wetu, mwanamke mwembamba, mjane, anaishi na mama yake, Bi Mwanakheri, katika chumba kimoja ambacho ndicho duka, ndicho jiko, ndicho cha kulala. Hii suti ya kaunda ninayovalia mahakamani ni mkono wake. Cherehani pale, kitanda cha mama pale, na pasi ya mkaa juu ya meza, imewaka kutwa.

Siku aliyorudi Rais kutoka safari, watu wote walitakiwa kujipanga barabarani kumpokea. Sikitu hakwenda. Mama yake alikuwa ana homa, anatetemeka kitandani. Basi kamanda wa mgambo, Bwana Chonjo, akaja kumuuliza kwa nini haipendi nchi yake. Aliingia, akafunga mlango, akaanza kuuliza kwa mikono. Alimshika shingoni, akambana kwenye meza ya kukatia nguo, akaendelea kubana. Sikitu akapapasa mezani, akakutana na pasi. Akampiga nayo kichwani. Chonjo akadondoka na hakuinuka tena.

Hivyo ndivyo alivyosema Sikitu, na ndivyo alivyosema mama yake, na ndivyo walivyosema majirani waliokuta mlango umefungwa kwa ndani na buti za Chonjo zikiwa ndani. Na shingo yenyewe ya Sikitu ilikuwa na alama za vidole vya mtu, vyeusi, vimejipanga upande mmoja, na gumba limejichora peke yake upande wa pili. Hata mke wangu, Mama Chausiku, ambaye hana elimu ya sheria, alisema, "Baba Chausiku, hiyo si kesi. Mtamwachia kesho."

Nilicheka sana. Wanawake bwana!

*

Karani akamwita Chonjo mlangoni mara tatu. Kimya.

Nilijua Mheshimiwa atakitafsiri vizuri, lakini sikujua kama kitamgusa kiasi kile. Alivua miwani, akajifuta macho. "Marehemu alikuwa mtumishi wa dola," akasema. "Mtumishi wa dola hajibizani na watuhumiwa. Hiki si kimya cha haya, hiki ni kimya cha mtu aliyeonewa. Amekanusha kila kitu."

Mwendesha mashtaka, Bwana Mtunguja, akapiga makofi, halafu akakumbuka kwamba yeye ni upande mmoja wa kesi, akaacha.

Akapanda Bi Mwanakheri. Mama wa watu, kashika kanga yake kifuani, kasema yote aliyoyaona toka kitandani: mlango ulivyofungwa, mtu alivyomkaba mwanawe, macho ya mwanawe yalivyotoka, mkono ulivyopapasa. Watu ukumbini waliinamisha vichwa. Wangekuwa ni watu wa kulia wangelia.

"Bibi," akauliza Bwana Mtunguja, "mshtakiwa ni nani wako?"

"Mwanangu wa kumzaa, baba."

"Ulimzaa mwenyewe?"

"Nilimzaa mwenyewe, tena kwa taabu."

"Mheshimiwa Jaji, mmesikia! Shahidi anakiri kwamba yeye ndiye chanzo cha mshtakiwa. Asingemzaa, Kamanda Chonjo angekuwa hai. Naomba ushahidi wake utupwe, na yeye ashukuru kwamba hatukumuunganisha kwenye shtaka."

"Shukuru, Bibi," akasema Jaji.

"Ahsante," akasema Bi Mwanakheri, akashuka.

Ikaja zamu ya daktari wa serikali. Akasema alama za shingoni ni za vidole vya mwanaume, na nguvu iliyotumika ilitosha kuua. Jaji akamwinamia. "Ilitosha kuua?" "Ndiyo, Mheshimiwa." "Iliua?" Daktari akamwangalia Sikitu kizimbani, mzima wa afya. "Hapana, Mheshimiwa." "Basi haikutosha," akasema Jaji, na daktari akaomba radhi kwa kosa la kitaalamu.

Hapo Sikitu mwenyewe akainua mkono kama mtoto wa shule. Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza.

"Mheshimiwa, sikufa kwa sababu nilimpiga."

"Hilo ndilo unalotakiwa kuthibitisha. Thibitisha kwamba usingempiga ungekufa."

"Nithibitishe vipi, baba yangu? Nimeonesha shingo. Mama kasema. Majirani wamesema. Nithibitishe vipi tena?"

Mheshimiwa akatabasamu. Ana tabasamu zuri sana, la kibaba. "Usihofu, binti. Serikali haiwezi kukutupa. Tuna utaratibu."

*

Utaratibu wenyewe unaitwa Jaribio la Haki, na nchi jirani wametuomba mara nyingi tuwafundishe.

Mahakama ina mtumishi wake, Bwana Ndimbo, mwenye cheo cha Kaimu Marehemu. Kazi yake ni kufanya kile alichokuwa akifanya marehemu kabla hajawa marehemu. Kama marehemu alikuwa anakaba, yeye anakaba. Kama alikuwa na panga, anachukua panga. Na mshtakiwa anasimama palepale aliposimama siku ile, ila safari hii mikono inafungwa, asije akajitetea tena akaharibu ushahidi. Akifa, imethibitika pasipo shaka kwamba alisema kweli, na anaachiwa huru. Asipokufa, mwongo huyo, anapelekwa kunyongwa. Akikataa jaribio, ana cha kuficha, anapelekwa kunyongwa pia.

Wote walioshinda kesi zao kwa njia hii, sijasikia hata mmoja akilalamika.

Bwana Ndimbo mwenyewe ni mtu mpole, mikono mipana, anakata kucha kila Ijumaa. Tukinywa chai hukaa pembeni yangu na kunililia hali yake. "Mzee, nimekaimu mpaka mvi zimenitoka," husema. "Utumishi hawataki kunithibitisha. Wanasema wakinithibitisha kuwa marehemu mshahara wangu utasimama." Namwambia avumilie, kila kitu kina wakati wake.

Jaji akamuuliza Sikitu kama anataka jaribio au hataki. Sikitu akamtazama mama yake. Bi Mwanakheri alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, kanga imeziba mdomo.

"Mama," akasema Sikitu, "nikikataa watanizika na jina la muuaji. Na wewe utaitwa mama wa muuaji mpaka kufa kwako, hata maji utanyimwa kisimani. Niache nifanye."

"Mwanangu, usife kwa ajili ya jina!"

"Kufa nitakufa tu, mama. Wewe umewasikia hawa."

Ndipo Jaji akanigeukia. "Mzee, unaonaje? Apewe nafasi ya jaribio?"

Nikamtazama Mheshimiwa usoni. "Naona apewe," nikasema, "ni haki yake."

Sikitu akanigeukia na yeye. Nilidhani atanitukana, maana watu wa mtaani kwetu hawana shukrani. Lakini alikuwa anaitazama suti yangu.

"Mzee, kifungo chako cha chini kimelegea," akasema. "Ungeniletea mapema ningekikaza."

Nikafunika na mkono. Mtu kukuumbua mbele ya mahakama kwa ajili ya kifungo, kweli jamani?

*

Siku ya jaribio ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wake wa wakubwa walikuja na vipepeo vyao vya kujipepea, na Waziri wa Mifugo na Furaha akafika kama mgeni rasmi, akatoa hotuba fupi ya kutwa nzima kuhusu utawala wa sheria. Kisha ikaletwa meza ya kukatia nguo, ileile, ikawekwa katikati. Pasi iliwekwa mbali, kwenye meza ya Jaji, juu ya mafaili, kuzuia yasipeperuke.

Sikitu akafungwa mikono kwa kamba ya katani. Bwana Ndimbo akamwinamia. "Samahani, dada," akamwambia, kwa maana ana malezi mazuri.

"Fanya kazi yako," akasema Sikitu.

Akaanza. Sitaeleza sana, msije mkasema napenda mabaya. Ilichukua muda kuliko tulivyotarajia. Sikitu alikuwa amesimama imara mwanzoni, macho kwa mama yake. Lakini mwili ni mwili. Roho ilipofika shingoni mwili ukakataa, ukaanza kupigana peke yake. Kamba haikuwa imekazwa vizuri, kwa sababu fedha za kamba mpya hazikupitishwa, na mkono mmoja ukachomoka. Ukaparura uso wa Bwana Ndimbo, toka chini ya jicho mpaka shavuni. Kisha ukalegea. Bi Mwanakheri alikuwa anapiga yowe muda wote huo, na mlinzi alikuwa anamsihi apunguze sauti kwa kuwa mahakama ilikuwa inaendelea.

Daktari akapima, akainua kichwa. "Safari hii imetosha, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akavaa wigi vizuri, akasoma hukumu. "Mahakama imeridhika, pasipo shaka hata ya dawa, kwamba siku ya tukio mshtakiwa alikuwa katika hatari ya kuuawa, na kwamba alichofanya kilikuwa halali kabisa. Mshtakiwa hana hatia. Uko huru, Bi Sikitu. Unaweza kwenda nyumbani."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mheshimiwa akasubiri kidogo aone kama atainuka kutoa shukrani. Hakuinuka. Kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha, hakumshtaki kwa kuidharau mahakama.

Nyumbani nilimsimulia Mama Chausiku, nikamwambia ulisema ataachiwa, na kweli ameachiwa. Alichukua sahani yangu ya chakula kabla sijamaliza, akaenda nayo jikoni.

*

Mambo yangeishia hapo, ila Bi Mwanakheri hakutaka. Baada ya mazishi alikwenda ofisini kwa Bwana Mtunguja, akaketi sakafuni na kusema haondoki.

"Baba, mwanangu mmesema hana hatia?"

"Hana hatia, Bibi. Hongera sana."

"Basi ameuawa mtu asiye na hatia. Aliyemuua simjui? Mnamjua. Nimekuja kushtaki."

Bwana Mtunguja akafungua sheria, akaifunga, akaifungua tena. Alikuwa hajawahi kuletewa shtaka kama hilo. Ndugu za wengine wote walikuwa wanakwenda nyumbani kulia. Lakini sheria ilisema mtu asiye na hatia akiuawa lazima iwepo kesi, na sheria yetu hatuichezei. Basi Bwana Ndimbo akapandishwa kizimbani, anatoka jasho, mkwaruzo umeshaanza kukauka shavuni.

"Unasemaje?" akaulizwa.

"Nilijitetea, Mheshimiwa," akasema. Alikuwa ameelekezwa. "Nilikuwa kazini kwangu, na mikono yangu shingoni mwake kwa amani, mara huyu mwanamke akanivamia kwa kucha. Nilihofia maisha yangu." Akaonesha shavu. Wake wa wakubwa wakaguna kwa huruma.

Hakukuwa na wasiwasi wowote. Bwana Ndimbo ni mtumishi wa dola, na kimya cha marehemu kingetafsiriwa inavyofaa. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Karani akaenda mlangoni akipiga miayo.

"Sikitu binti Mwinjuma!"

Kimya.

"Sikitu binti Mwinjuma!"

Kimya. Mheshimiwa alikuwa ameanza kufumba macho ili akisikilize.

"Sikitu binti Mwinjuma!"

"Abee!"

Nawaambieni, nilimwagikiwa na chai mapajani. Watu wote wakageuka. Bi Mwanakheri alikuwa amesimama kwenye benchi la nyuma, kavaa gauni ambalo mwanawe alikuwa akilivaa siku za sikukuu, limembana begani. Akatembea taratibu mpaka kizimbani. Hakuna aliyemzuia, karani aliita, mtu akaitika, sasa unamzuiaje?

"Nimeitwa, nimekuja," akasema. "Mimi ndiye Sikitu. Chonjo alinivamia kwangu akanikaba. Nilimpiga nisife. Nikaja kwenu, mkanifunga mikono, akanikaba huyu mpaka nikafa. Kucha zangu zilimkwaruza roho inatoka, sikujua hata nafanya nini. Mama yangu aliona yote na mlimfukuza. Sasa nasema mimi mwenyewe. Andikeni."

Na karani akaandika! Angefanyaje? Neno la marehemu halipingwi na mtu yeyote. Bwana Mtunguja alikuwa ameshika kichwa. Bwana Ndimbo akaanza kulia, "Mimi nakaimu tu, jamani, mimi nakaimu tu!" Na kule nyuma mtu mmoja akacheka kwa sauti, halafu mwingine, halafu ukumbi wote ukawa unavuma. Niliwaona watu wa mtaani kwetu wamesimama, wamenyoosha shingo, nyuso zao zinang'aa, utadhani mvua imenyesha. Haikunipendeza hata kidogo.

Mheshimiwa akasimamisha kesi, akaingia chumbani kwake. Alikaa humo mpaka maandazi yakapoa. Aliporudi alikuwa na tabasamu lake lile la kibaba, nami moyo wangu ukatulia.

"Mahakama imepokea ushahidi huu kwa heshima zote," akasema. "Bi Sikitu ameitwa na ameitika. Anayeitika yuko hai. Kama yuko hai, hakuna aliyemuua. Bwana Ndimbo, uko huru. Na kama yuko hai, basi hakufa kwenye Jaribio la Haki. Asiyekufa kwenye Jaribio alidanganya. Hukumu ya kwanza ilitolewa kwa makosa, naifuta. Sikitu binti Mwinjuma ana hatia ya kumuua Kamanda Chonjo, na atanyongwa."

Ukumbi ukanyamaza tena. Mara moja tu hivi, kama mtu amezima redio.

"Lakini kwa kuwa sisi si watu wa kukurupuka," akaendelea, "tusije tukamnyonga mtu kwa kumfananisha. Mzee Mshauri, wewe ni jirani yao. Unaonaje? Huyu ni nani?"

Huyu aliyekuwa kizimbani nimemjua toka hajaota mvi. Ndiye aliyemkanda mke wangu alipojifungua Chausiku. Nikamtazama Mheshimiwa usoni.

"Naona ni Sikitu," nikasema.

Bi Mwanakheri hakupiga yowe, hakuniapiza. Aliniangalia toka juu mpaka chini, kwa utulivu, kama mshona nguo anayekagua kazi ya nyumbani kwake.

"Hata kifungo hukukikaza," akasema.

*

Wakamnyonga. Kanuni zinataka mtu aitwe jina kwanza pale juu, ili kusitokee makosa. Wakaita, "Sikitu binti Mwinjuma!" Nasikia aliitika abee bila kusita, sauti juu, kama mtu anayeitwa kula.

Bwana Ndimbo amepandishwa, sasa ni Kaimu Marehemu Mwandamizi, na amepewa kamba mpya. Waziri wa Mifugo na Furaha amehamishiwa Wizara ya Sheria. Nchi imetulia.

Kinachonisikitisha ni kitu kimoja tu, adabu. Adabu zimekwisha kabisa mitaani. Siku hizi ukimwita mtu kwa jina lake haitiki. Mwalimu anaita majina darasani asubuhi, watoto wanamkodolea macho. Karani akipita mtaani kwetu na wito wa mahakama, mtaa mzima bubu, hakuna anayejulikana, hakuna aliyezaliwa. Unamwona mtu kabisa mlangoni kwake, unamwita, anakutazama kana kwamba hilo jina ni la mwenzake aliyehama. Tunaongozaje nchi ya namna hii?

Mpaka nyumbani kwangu! Juzi nimerudi kazini nimechoka, nikataka mke wangu anikazie kile kifungo. Nikaita sebuleni, "Mama Chausiku!" Kimya. Nikadhani hajasikia. Nikaita tena, "Mama Chausiku!" Kimya. Nikasogea mpaka mlango wa jikoni, nikaita mara ya tatu. Nilimwona, alikuwepo, anapiga pasi, mkaa umewaka vizuri. Hakuitika wala hakugeuka. Alinipa mgongo tu, na nawaapia, jamani, alinipa mgongo kwa namna ya kutisha.